Nyota Haziulizwi Mchana: Kupanga Safari ya Kutazama Anga la Usiku nje ya Likasi

Asubuhi ya tarehe 11 Mei 2024 simu nyingi hapa Likasi zilijaa picha za mbingu nyekundu, zambarau na kijani. Zilitumwa na ndugu walioko Ubelgiji, Ufaransa na kwingineko Ulaya, ambako usiku uliotangulia dhoruba kali ya jua iliifanya nuru ambayo kwa kawaida huonekana Norwe na Aislandi ionekane hadi juu ya mapaa yao. Wenzangu kitivoni wanajua kwamba kazi yangu ya kumaliza masomo inahusu majina ya nyota, kwa hiyo swali likaniangukia mimi: sisi tukitaka kuiona nuru ile, twende kijiji gani?

Hakuna kijiji. Nuru hiyo haihitaji giza peke yake. Jua hutoa wakati wote upepo wa chembe zenye chaji ya umeme. Usumaku wa dunia huziongoza chembe hizo, na nyingi huingia angani katika mviringo unaoizunguka kila ncha ya sumaku, takriban kwenye latitudo za digrii 65 hadi 70. Zinapogonga oksijeni kwenye kimo cha kilomita 100 hadi 150 hivi, hutokea rangi ya kijani. Zinapoigonga juu ya kilomita 200, hutokea nyekundu. Likasi iko kwenye digrii 11 tu kusini mwa ikweta. Dhoruba ikiwa kubwa mviringo hutanuka, na ile ya Mei 2024 ilitanuka hata kamera za Afrika Kusini na Namibia zikanasa wekundu upande wa kusini, karibu na upeo wa macho. Wekundu ndio unaoonekana kutoka mbali kwa sababu ndio ulio juu zaidi. Tarehe 4 Februari 1872 ilipiga dhoruba ambayo nuru yake ilionekana hadi Khartoum na Bombay. Matukio kama hayo huja mara moja moja katika karne, na hakuna anayeweza kuyapangia nauli.

Jambo jingine: siku ikitokea nuru hiyo itufikie, itakuja kutoka kusini. Ndiyo maana siipendi tafsiri inayosikika sana, "taa za kaskazini". Taa huwashwa na mtu, na hapa hakuna aliyewasha kitu. Na hilo neno kaskazini lina historia yake. Limetokana na kaskazi, upepo wa pwani uliokuwa ukileta majahazi kutoka Uarabuni na Uhindi, kama kusini ilivyotokana na kusi, upepo uliokuwa ukiyarudisha. Katanga hatuna kaskazi wala kusi; maneno hayo yalitufikia pamoja na ramani za shule. Lugha nyingine zimekwenda njia zao. Kilatini cha wanasayansi wa karne ya 17 kiliita jambo hili aurora, yaani mapambazuko. Kiarabu husema shafaq ya ncha, na shafaq ni ule wekundu unaobaki jua likishazama. Wafini husema revontulet, mioto ya mbweha. Jambo ni moja, lakini Mlatini kaona alfajiri, Mwarabu kaona magharibi, Mfini kaona mnyama. Mimi katika kazi yangu naandika "nuru za ncha", kwa kuwa ncha zote mbili zinazo, na neno ncha tayari limo katika jiografia yetu.

Tuziache nuru za ncha wenyewe walio karibu nazo, kwa sababu sisi tuna kitu ambacho wao hawana. Mkazi wa Tromsø, mji wa Norwe unaosifika kwa nuru hizo, hawezi kamwe kukiona kitovu cha galaksi yetu akiwa kwao, kwa maana huko hakichomozi. Kwetu, katika usiku wa Juni, kinapita karibu na utosi. Ile Njia ya Maziwa ambayo Ulaya wengi huiona kama moshi mwembamba, hapa ni mkanda mnene unaokatiza anga lote, wenye mapengo meusi ndani yake. Tuna Msalaba wa Kusini. Tuna Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo jirani, zinazoonekana kwa macho matupu upande wa kusini, hasa katika miezi ya Oktoba hadi Januari pale mvua inapotoa nafasi. Kinachokosekana mjini ni giza.

Mwaka 2001 mtazamaji wa nyota John Bortle alipendekeza mizani ya ngazi tisa ya kupimia giza: ngazi ya 9 ni katikati ya jiji kubwa, ngazi ya 1 ni mahali ambapo Njia ya Maziwa yenyewe inaweza kutupa kivuli ardhini. Namibia imeyafanyia giza lake utaratibu: hifadhi ya NamibRand ilitambuliwa mwaka 2012 kuwa hifadhi ya kimataifa ya anga la giza, na watu hulipa kulala huko. Sisi giza tunalo tele ila hatujaliandikisha popote. Usiku umeme unapokatika Likasi, mtu akipanda mahali palipoinuka na kugeukia upande usio na jenereta wala mitambo ya Shituru, anapata mazoezi ya bure. Lakini hayo ni mazoezi tu.

Kwa nini mwanafunzi wa isimu ajisumbue na mambo ya anga? Kwa sababu ya orodha zetu. Orodha ya Swadesh ya maneno 100, ambayo kila mmoja wetu ameijaza angalau mara moja, ina jua, mwezi na nyota. Inaishia hapo. Tunarudi kutoka uwandani na neno moja la nyota, tunaandika wingi wake, tunaangalia ngeli, tunafunga daftari. Kamusi nazo zina mazoea yao: "aina ya samaki", "aina ya mti", "nyota fulani". Kamusi ya Kiluba na Kifaransa ya Van Avermaet na Mbuya, iliyotolewa Tervuren mwaka 1954, ni hazina ambayo hakuna anayeifanyia kazi Katanga anaweza kuiruka, lakini ni ya Kiluba. Wanaoishi kati ya Likasi na mto Lufira wana lugha zao pia: Kisanga, ambayo Guthrie aliipa namba L35, Kilemba, na kuelekea kusini Kilamba, M54. Juu yake wote tunazungumza Kiswahili, ambacho anga lake ni la watu wawili. Sayari zake zina majina ya Kiarabu: Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Utaridi. Hayo ni majina ya pwani, ya mabaharia na wapiga ramli. Na kando yake lipo jina moja la Kibantu lililo wazi kabisa, Kilimia.

Nilimwuliza nkambo wangu, aliyekulia kando ya Lufira na ambaye Kisanga ndicho lugha yake ya kwanza, kile kikundi cha nyota ndogo zilizobanana kinaitwaje kwao. Ilikuwa saa tisa mchana, tumekaa kwenye lupango, mimi nikiwa na karatasi yenye vitone sita nilivyovichora kwa kalamu. Aliigeuza karatasi mara mbili. "Iko wapi hiyo? Unioneshe kwanza." Nilirudi usiku. Taa ya jirani ilikuwa inawaka, ukuta wa nyumba ya pili unaziba mashariki, na juu yetu zilionekana nyota kama kumi na tano zisizo na mpangilio. Akasema kwao zilikuwa na majina, na kwamba akiziona atayasema. Namwamini. Ukimwuliza mtu jina la ndege unaweza kumletea picha au kumwigia mlio. Nyota hailii, na picha yake ni vitone. Anayezifahamu huzifahamu kwa mahali pake: imetokea upande gani, saa ngapi, inafuata nyuma ya ipi, wakati watu wanafanya kazi gani shambani. Ukiliondoa anga, jina halina pa kushikia. Hivyo safari ninayoipanga ni ya kumpeleka nkambo mahali ambapo swali langu litaeleweka.

Hapa inabidi nikae kidogo na Kilimia, kwa kuwa ndicho kilichoipanga ratiba yangu yote. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 amekikuta katika kitabu cha Ayubu, sura ya 38, kimewekwa jirani na Orioni. Orioni imekopwa, Kilimia ni chetu. Jina linatokana na kulima, na ndugu zake wametapakaa: Kizulu na Kixhosa isilimela, Kisotho selemela, Kivenda tshilimela. Wataalamu wa lugha asilia za Kibantu wanalirudisha jina hili nyuma sana, na mzizi wenyewe kila mtu wa Katanga anaujua, kwani Kibemba kina kulima na Kiluba kina kudima.

Tatizo tamu ni kwamba jina moja halitazamwi kwa namna moja. Pwani ya Waswahili huzingatia kuzama: upo msemo wa zamani kwamba Kilimia kikizama wakati wa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwa Waxhosa, jambo kubwa ni kuonekana kwake tena alfajiri mwezi wa Juni, na wanaume walihesabu miaka ya utu uzima wao kwa isilimela ngapi zimepita tangu jandoni. Na Katanga? Hapa mvua huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba, na jembe linaingia ardhini wakati huohuo. Novemba ndio mwezi ambao kikundi hiki huchomoza mashariki jioni, mara tu baada ya jua kuzama. Kwa hiyo ikiwa Kisanga au Kilemba kina jina lenye mzizi huo, ningetegemea wazee walieleze kwa kuchomoza jioni, tofauti na pwani na tofauti na kusini. Ikiwa jina lao halina kulima ndani yake, hilo nalo ni jibu, na pengine zito zaidi. Lakini silipati jibu lolote kwa karatasi ya vitone.

Sasa mpango wenyewe. Wa kwanza kuulizwa ni mwezi, maana mwezi mpevu hufuta kila kitu. Usiku unaofaa ni wa siku mbili hadi tano baada ya mwezi kuandama: hilali huzama mapema, na mnabaki na giza hadi asubuhi. Halafu msimu. Novemba ingekuwa sahihi kwa Kilimia cha jioni, lakini mawingu hayana adabu. Unaweza kulala nje usiku nne bila kuona nyota moja. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, anga ni safi, isipokuwa kwamba watu huchoma nyika, na kadiri Julai na Agosti zinavyoingia moshi unazidi kukaa juu ya upeo wa macho, pale hasa nyota zinapochomoza. Mei hakuna moshi mwingi, lakini katikati ya mwezi huo Kilimia kiko nyuma ya jua na hakionekani kabisa. Nimechagua wiki ya mwisho ya Juni, au siku za karibu nayo kadiri kalenda ya mwezi itakavyoruhusu. Ni baridi, usiku wa Juni katika Haut-Katanga joto hushuka hata chini ya digrii 10, na ukiwa umelala chali juu ya mkeka unausikia kila upungufu.

Mahali palinipa mabishano mengi na marafiki. Wengine walitaka uwanda wa juu wa Kundelungu, ambako mbuga ya taifa ilianzishwa mwaka 1970 na ambako maporomoko ya Lofoi huanguka zaidi ya mita 300. Kwa mtalii ni sawa. Kwa kazi hii ni mbali, gari la kukodi linakula pesa ya mwezi mzima, na zaidi ya yote nkambo hana mtu huko. Nyota utaziona, lakini wa kukuambia zinaitwaje umemwacha nyuma. Ninapendelea vijiji vya kando ya ziwa Tshangalele, mashariki ya Likasi, ziwa lililoundwa na bwawa la Mwadingusha kwenye Lufira, ambalo kituo chake cha umeme kilianza kazi mwaka 1930. Kunafikika kwa barabara ya Lubumbashi hadi Kapolowe na kutoka hapo kwa pikipiki. Mwanga wa Likasi unabaki magharibi, na maji yanafungua upeo wa macho, jambo ambalo katika misitu ya miombo hulipati kirahisi. Ubaya wake ni mbu, na ukungu unaoweza kulala juu ya ziwa kabla ya mapambazuko. Kwa hiyo mkeka utandikwe mahali palipoinuka, mbali kidogo na maji.

Kuna maandalizi ambayo wanafunzi wa mjini huyadharau. Mtu mzima anayetembea nje ya kijiji usiku wa manane, akinyosha vidole angani na kuuliza majina, anaweza kueleweka vibaya sana, na uchawi si neno la mzaha vijijini kwetu. Fika mchana. Nenda kwa chifu kwanza, useme mtakaa wapi, mtakuwa wangapi, mtaondoka saa ngapi, na ualike yeyote anayetaka kuja. Uwe na ordre de mission yenye muhuri wa kitivo, kwa sababu kinasa sauti huamsha maswali kuliko daftari. Uliza pia hali ya usalama kwa watu wanaoishi kule wiki hiyohiyo, si kwa habari za mwaka jana.

Usiku, macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na kioo kimoja cha simu kinairudisha kazi hiyo mwanzo. Tochi ifungwe kitambaa chekundu. Saa moja na nusu usiku (nahesabu kwa Kiswahili, anayehesabu kwa Kifaransa aseme dix-neuf heures trente) Msalaba wa Kusini unasimama wima upande wa kusini. Hapo ndipo pa kuanzia, kwa kuwa kila mtu anauona na hakuna ubishi. Kuanzia saa tatu Nge amepanda vizuri mashariki, na karibu na saa sita mkanda wa Njia ya Maziwa uko juu ya vichwa.

Programu ya simu kama Stellarium ni nzuri kwa mtafiti na ni hatari kwa mtafitiwa. Ukimwonesha mzee mapema, atakuta michoro ya Wagiriki imeshaunganisha nyota, na ataanza kukutafutia neno la "mwindaji" au "simba" ambalo kwao halikuwepo. Watswana wanaona katika ule mkanda wa Orioni nguruwe watatu wanaofukuzwa na mbwa; nani angelijua hilo kama mwulizaji angeanza na mwindaji wa Kigiriki? Kwa hiyo mimi nitasimama nyuma ya nkambo na kuufuata mkono wake. Nitarekodi maneno yote, pamoja na mzaha na ubishi wa wengine. Nitaandika saa na upande, na siku ya pili nitaitambua nyota kwa programu nikiwa peke yangu. Wala nisiulize vya kung'aa tu. Watu wa Andes na wenyeji wa Australia wameyapa majina yale mapengo meusi ya Njia ya Maziwa, hawa wakiona llama, hawa wakiona emu. Swali langu litakuwa pana: "Na pale, panaitwaje?" Kwa Kisotho Njia ya Maziwa ni molalatladi, mahali radi inapolala, na ile -lala ya katikati ni hiihii tunayoilalia sisi. Kiswahili chetu kilitafsiri maziwa ya Ulaya. Nataka kujua Kisanga kiliona nini pale.

Rafiki mmoja alinishambulia kwamba ninalisifu giza la watu maskini. Ana haki ya kuuliza. Nyaya za umeme zinatoka Mwadingusha zikipita juu ya vijiji ambavyo hadi leo vinawasha koroboi, na hakuna mtu wa huko aliyechagua ngazi ya 1 ya Bortle. Umeme ufike, na ufike upesi. Mtoto asome usiku, mjamzito ajifungue mahali penye taa. Ninachohesabu ni muda. Taa ikiwashwa, wazee wataendelea kuyajua majina kwa miaka kadhaa, lakini wajukuu hawatakuwa na kitu cha kuelekezewa kidole, na mtafiti atakayekuja atasikia nilichosikia mimi kwenye lupango: unioneshe kwanza. Kisha hatasikia hata hilo.

Kwa hiyo ratiba ya usiku huo ina mwisho wa kuchelewa. Mwishoni mwa Juni Kilimia huchomoza baada ya saa kumi alfajiri, mashariki kwa kuvuta kidogo kaskazini, na kabla ya saa kumi na moja na nusu weupe unaanza kukimeza. Ni saa moja na kidogo tu ya kazi. Nkambo amekubali kwenda kwa masharti mawili: kiti chenye mgongo badala ya mkeka, na asiamshwe kabla hicho kitu hakijatoka juu ya maji.